Onyesha Njia

Mirija kumi na minne ndani ya boksi la barafu,
alfajiri, majina kwa mwandiko wa haraka wa muuguzi.
Nazungusha. Nangoja. Chembe nyekundu zinazama,
na juu linabaki lile maji
ambalo kwa mwenye siha lina rangi ya nyasi kavu.
Wa tisa ni manjano,
manjano ya bizari iliyomwagika sahanini.

Nasoma jina mara mbili, ya pili kwa kidole:
Famau Shekuwe, miaka sabini na mmoja, kitanda cha nne.

Mwalimu.
Hesabu, darasa la saba, hapa hapa Lamu,
chaki ndani ya mfuko wa kanzu.
Ukipata jibu na hukuonyesha njia
alikukata alama zote, kisha akasema
kwa upole uliouma kuliko kiboko:
"Jibu bila njia, Tima, ni uongo uliopata bahati."

Leo mashine inanipa jibu bila njia.
Vimeng'enya vya ini, Jumatatu: hamsini na nane.
Jumatano: mia na arubaini na tatu.
Ijumaa hii: mia tatu na kumi na mbili.
Kikomo ni arubaini.

Simu hazikomi kule wodini,
za Langoni, za Mombasa, za mjukuu aliye Jidda:
Mapafu vipi? Oksijeni imefika ngapi?
Hakuna aliyeuliza ini.
Na sisi ndio watu wa ini!
Neno likituchoma, twasema limetukata maini.
Lenyewe limekaa kulia, chini ya mbavu, kimya,
kama mpishi wa harusi:
achuja, apepeta, atupa kilichooza,
na hakuna amkumbukaye
mpaka chungu kiungue.

Nikachukua fomu ya stoo, nikaandika mgongoni mwake.
Huenda ni virusi vyenyewe.
Huenda ni pumzi: damu yenye hewa haba huliacha ini na njaa.
Huenda ni homa ya ini ya zamani. Nimepima, hana. Futa.
Huenda ni dawa tumpazo sisi.
Hiyo niliiandika kwa herufi ndogo,
nikaona haya, nikaikoleza.

Saa nne nikamkuta Mwanaesha, bintiye, langoni,
barakoa mbili, chupa ya chai kwapani.
"Nimemwona kwa simu. Mato yamekuwa manjano,
nikadhani ni taa."
Ndani ya chupa mna nini?
"Tangawizi. Ndimu. Mwarobaini, konzi mbili."
Akasita.
"Na tembe nyeupe za homa. Nampondea nne.
Huko ndani wampa mbili tu, na homa haishuki, Tima."
Kila chupa?
"Kila chupa."
Chupa ngapi kwa siku?
Alianza kuhesabu kwa vidole
akaacha kabla ya kufika.

Sikumwambia neno la kumkata maini.
Yake yalikwisha katika.
Nilipokea chupa, bado ya moto, nikapiga simu wodini.
Daktari akasimamisha tembe, akabadilisha dripu.

Jumamosi ikapanda tena: mia tatu na arubaini.
Sikulala.
Jumatatu: mia mbili tisini na nane.
Jumatano: mia mbili na kumi.
Mapafu yana hesabu yao, na hiyo si ya meza yangu.

Nikaikunja ile karatasi, nikaitia plastikini,
muuguzi Kombo akampelekea.
Karatasi haitoki wodi ile.
Kombo akanisomea kwa simu, nyuma ya kioo,
alichoandika mzee pembeni
kwa kalamu nyekundu ya chati, mkono ukitetemeka:

Njia, sawa. Jibu, bado.

Na alama moja amenikata:
nilisahau kupiga mstari chini ya jumla.